Aliyerudi Kutoka Makaburini

Katika Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya tano, tunasimuliwa habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekuwa akikaa makaburini. Wenyeji walikwisha kumfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo, naye akaikata yote. Usiku na mchana alizunguka milimani akipiga kelele na kujichanja kwa mawe. Habari hiyo kila Mkristu anaijua, na watoto wa mafundisho huipenda kwa ajili ya wale nguruwe elfu mbili walioporomokea ziwani. Lakini mwisho wake husomwa upesi mno. Watu wa mji walipokuja kutazama, walimkuta yule mtu ametulia, amevikwa nguo, akili zimemrudia. Mwinjili anasema waliogopa. Alipokuwa makaburini hatusikii kwamba mji ulikosa usingizi. Walikwisha kumzoea huko, na kelele zake zilikuwa kama kelele za fisi: zinasikika, mtu anageukia upande wa pili, analala. Hofu iliwapata alipopona. Wakamsihi Bwana wetu aondoke katika mipaka yao.

Naye aliyepona akaomba apande chomboni afuatane na Yesu. Ombi jema kama hilo tungedhani lingekubaliwa mara moja, maana Mitume waliitwa bila hata kuomba. Bwana akakataa. Alimrudisha nyumbani, kwa jamaa zake, akawasimulie mambo aliyotendewa. Naye akaenda akayatangaza katika nchi yote ya Miji Kumi. Hivyo mjumbe aliyetumwa kwa watu wale wa mataifa hakuwa mmoja wa Kumi na Wawili, bali mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa bado akilia kati ya makaburi.

Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twataka kusema nanyi juu ya mambo hayo mawili: hofu ya watu mbele ya aliyepona, na kazi aliyopewa aliyepona. Twasema na nyumba za Wakristu, kwa sababu ugonjwa wa akili haukuchagua dini wala kabila. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya kila watu wanane duniani alikuwa akiishi na ugonjwa wa namna hiyo, mdogo au mkubwa. Kanisa likijaa siku ya Dominika, hesabu hiyo imeketi katika kila benchi.

Tumchukue kijana mmoja, ambaye kila parokia inaye. Alikuwa akiimba besi katika kwaya. Ikaja miezi asiyolala, akasikia sauti zisizosikiwa na wengine, akaanza kuwatuhumu ndugu zake kwamba wanataka kumwekea sumu. Baada ya kuzungushwa huku na huku alifikishwa Mirembe, kule Dodoma, hospitali inayowapokea wagonjwa wa namna hiyo tangu mwaka 1927. Akatibiwa. Baada ya majuma kadhaa daktari akasema, Nenda nyumbani, umeze vidonge hivi, tarehe fulani ufike kliniki. Hapo ndipo ugonjwa wa pili unapoanza, nao hauna vidonge.

Afikapo nyumbani anakuta kikombe chake kimetengwa. Panga na kiberiti vimefichwa. Shamba alilokuwa akilima amepewa mdogo wake, na wazazi wa mchumba wamekwisha kutuma mtu wa kurudisha maneno. Kwaya inamwambia kwa upole apumzike kwanza, na hiyo kwanza inadumu miaka mitatu. Akicheka, watu wanatazamana: imeanza. Akinyamaza, wanatazamana: imeanza. Sisi wengine tukikasirika, tumekasirika tu. Yeye akikasirika, imerudi. Na hakuna anayempa pole! Aliyevunjika mguu huletewa uji na machungwa, wanajumuiya humtembelea kwa zamu, na bandeji yake hutazamwa kama nishani. Aliyetoka Mirembe haletewi hata chungwa moja. Jina la hospitali ile, ambayo imewarudishia wengi uhai wao, limefanywa dhihaka ya vijiweni. Mtu akisema neno la ajabu huambiwa apelekwe huko, na watu wanacheka, na pengine katika wanaocheka yumo mmoja ambaye dada yake yuko huko.

Lugha yetu ina hekima katika neno kupona, nasi twaomba wasomaji walifikiri kidogo. Basi likipinduka katika mlima wa Kitonga, twauliza, Wangapi wamepona? Na jibu linawahesabu hata waliovunjika mbavu, hata yule atakayetembea kwa mkongojo siku zote za maisha yake. Hakuna anayesema, Huyu hakupona kwa kuwa anachechemea. Kupona hapo maana yake ni kutoka hai na kurudi kwa watu wako. Mbona basi kwa ugonjwa wa akili twadai kipimo kingine? Twataka mtu awe kana kwamba hakuugua kamwe. Na maadamu angali anameza kidonge usiku, twamweka bado katika hesabu ya wagonjwa. Mwenye kisukari naye anameza, mwenye shinikizo la damu anameza, na wote wawili ni wenyeviti wa kamati zetu.

Matabibu wa magonjwa haya, katika miaka hii ya karibuni, wamefika mahali pale pale ambapo neno letu lilikuwa likiwangojea. Zamani waliuliza zaidi kama dalili zimekwisha. Sasa wengi wao wanauliza pia: Je, mtu huyu anayo kazi ya kumwamsha asubuhi? Anaye mtu wa kumwita kwa jina lake? Anashirikishwa katika kuamua mambo yake mwenyewe, au yanaamuliwa juu ya kichwa chake kama ya mtoto? Wapo ambao sauti zile huwarudia mara moja moja, nao wamejifunza kuzijua na kuziacha zipite, wakalima, wakasomesha watoto. Hao wamepona, kwa Kiswahili safi.

Najua wapo watakaotuuliza—na barua za namna hiyo hufika—mbona mtu wa Injili alikuwa na pepo, nanyi mnasema habari za hospitali? Jibu si letu bali ni la Mama Kanisa. Kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614, katika zama ambazo watu waliona pepo kila kichakani, kilimwonya padre asiwe mwepesi wa kusadiki kwamba mtu amepagawa, ila azijue alama zinazomtenga na mgonjwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1172, inakataza mtu yeyote kufanya ibada rasmi ya kufukuza pepo juu ya waliopagawa bila ruhusa wazi ya Askofu wa mahali. Basi mlei, au hata padre, anayemshika binti mwenye ugonjwa wa akili, akamtikisa, akampigia kelele, akamfungisha siku saba bila chakula wala dawa, asiseme afanya hivyo kwa jina la Kanisa Katoliki. Sala ni chakula cha mgonjwa, na Mpako wa Wagonjwa haukuwekwa kwa ajili ya wenye homa peke yao. Lakini anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili kuonyesha imani yake, anamjaribu Mungu kwa mwili wa mwenzake.

Kuhusu minyororo tutasema kwa uangalifu, maana twajua nani anayefunga. Mara nyingi si mtu katili. Ni mama mjane aliyekwisha kuuza mbuzi wote kwa nauli na waganga, mwanawe akakimbilia barabara kuu usiku, naye hana nguvu za kumshika. Akamfunga kamba uani ili amkute hai asubuhi. Mama huyo asihukumiwe na majirani ambao hawakumsaidia kukesha hata usiku mmoja. Lakini kamba ya usiku mmoja huwa ya mwezi, na ya mwezi huwa ya miaka, na mifupa ya mguu huzoea kukunjika. Nchi nyingi za dunia hutenga sehemu ndogo mno ya fedha za afya kwa maradhi ya akili. Hesabu ya Shirika la Afya la Ulimwengu ya mwaka 2022 ilisema asilimia 2 kwa wastani. Ndiyo kusema kwamba kwa muda mrefu bado, mzigo huu utakuwa uani kwa yule mama. Nani basi atakwenda kuketi naye?

Hapa twafikia jambo la pili, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Twadhani mtu wa kwanza wa kwenda kuketi naye ni yule aliyekwisha kufungwa mwenyewe.

Jambo hilo si la kigeni katika Kanisa. Katika miaka ya 1530 aliishi katika mji wa Granada, huko Hispania, mwuza vitabu aliyeitwa Yohane, Mreno kwa kuzaliwa, ambaye kabla yake alikuwa mchungaji na askari. Siku moja ya Mtakatifu Sebastiani alimsikia Yohane wa Avila akihubiri, akashikwa na majuto makali. Akagawa mali yake, akararua vitabu, akajigaragaza njiani akilia, vijana wakimrushia mawe. Watu wakamwona ana kichaa, wakampeleka katika Hospitali ya Kifalme, katika wodi ya wenye wazimu. Dawa ya siku zile ilikuwa kufungwa na kupigwa mijeledi. Naye akafungwa, akapigwa. Waandishi wamebishana kama yale yalikuwa maradhi au majuto matupu. Sisi hatuoni haja ya kuamua. Mjeledi haukuuliza tofauti hiyo. Yule mhubiri alipomjia na kumtuliza, alianza kuwahudumia wenzake wa wodi ile ile, akawaosha, akawafagilia. Alipotoka alikodi nyumba, akawalaza humo maskini na wagonjwa, akawa akipita usiku mitaani na kapu mgongoni kuwaombea chakula. Aliyafahamu matendo ya hospitali ile kutoka upande wa chini, kwa mgongo wake, na hospitali aliyoianzisha haikufanana nayo. Alikufa tarehe 8 Machi, mwaka 1550. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1690, likamfanya baadaye msimamizi wa wagonjwa na wa hospitali, naye ndiye tumwitaye Mtakatifu Yohane wa Mungu. Masista na mabruda wangapi wameomba kwa jina lake, bila kukumbuka kwamba alilala ameshikwa kwa kamba!

Serikali za dunia nazo zilijifunza jambo hilo pale zilipotaka kujifunza. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, mwishoni mwa karne ya 18, msimamizi wa wodi ya wenye wazimu alikuwa Jean-Baptiste Pussin, mtengeneza ngozi aliyefika hapo kwanza kama mgonjwa wa matezi. Pussin alipendelea kuwaajiri kuwa wahudumu watu waliopona katika wodi ile ile, kwa sababu hawakuwa wepesi wa kupiga. Mwaka 1797 aliwaondolea wagonjwa minyororo. Sifa nyingi alipata daktari wake, Philippe Pinel, ambaye mwenyewe aliandika wazi kwamba alijifunza kwa Pussin.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi umetoka Afrika, naye ni mlei, mwenye mke na watoto. Grégoire Ahongbonon ni mzaliwa wa Benin aliyehamia Kodivaa akiwa kijana, akafanya kazi ya kutengeneza matairi katika mji wa Bouaké. Alifanikiwa, akapata teksi zake. Kisha biashara ikaanguka, marafiki wakatoweka, naye akashuka katika giza hata akafikiri kujiua. Aliliacha Kanisa, akalirudia. Mwaka 1982 alikwenda kuhiji Yerusalemu pamoja na mmisionari mmoja, na huko akasikia katika mahubiri kwamba kila Mkristu ana jiwe lake la kuweka katika kulijenga Kanisa. Akarudi akiuliza, Jiwe langu ni lipi? Akaanza na mkewe kikundi cha sala cha kuwatembelea wagonjwa waliotupwa hospitalini, wale wasio na ndugu wa kuwanunulia dawa, halafu wafungwa. Kikundi kilichukua jina la Mtakatifu Kamili wa Lelli.

Kama mwaka 1990 alimwona njiani mtu mwenye kichaa, uchi, akitafuta chakula katika takataka. Alikuwa amepita mbele ya watu wa namna hiyo mara nyingi, kama sisi sote tupitavyo sokoni. Siku ile alisimama. Alisema baadaye kwamba alikuwa akimtafuta Yesu katika makanisa, na kumbe alikuwa akimpita barabarani. Alianza kutoka usiku pamoja na mkewe, wakiwapelekea chakula na maji baridi, wakiwasemesha. Kisha akatafuta mahali pa kuwalaza, akawatafuta wauguzi na madaktari, akatafuta dawa. Habari zikaenea mpaka vijijini, na huko akakuta jambo lililomshtua zaidi ya yote ya mjini: watu waliofungwa kwenye miti, au waliotiwa mguu katika tundu la gogo zito, miaka na miaka, jua na mvua. Akaanza kwenda na msumeno na nyundo.

Tangu hapo maelfu wamepita katika vituo vya kikundi hicho, kule Kodivaa, Benin na Togo. Jambo tunalotaka wasomaji walishike ni hili: ukiingia katika vituo hivyo na kuuliza nani mpishi, nani mwenye funguo za stoo, nani anayegawa dawa, mara nyingi utaonyeshwa mtu aliyeletwa hapo miaka iliyopita akiwa uchi. Wengine walipelekwa shule wakawa wauguzi. Wengine wamekabidhiwa uongozi wa kituo. Mgonjwa mpya anapofikishwa, alama za kamba zikiwa bado zinatoka damu, anayempokea na kumwogesha ni mtu mwenye alama zile zile zilizokauka. Hakuna daktari, hata awe bingwa, anayeweza kusema neno ambalo mikono hiyo inalisema.

Tusidhani ni maneno ya huruma tu. Mwenye kuipitia njia anajua mambo ambayo aliyesoma vitabuni hayajui, au ayajua kwa mbali. Anajua kwamba dawa fulani zinatetemesha mikono na kunenepesha mwili, na kwamba ndiyo sababu kijana huzificha chini ya ulimi akajifanya amemeza. Anajua kwamba siku mbaya kuliko zote si siku ya kufungwa, bali ni siku ya kurudi mtaani mara ya kwanza, kupita mbele ya duka. Anajua namna ya kuitambua hali inapotaka kurudi: usingizi unapungua usiku wa kwanza, wa pili, na anajua kumwambia mwenzake usiku wa pili, Twende kliniki kesho, usingoje wa tano. Mama akimwambia hivyo, ni kelele za mama. Muuguzi akimwambia, ni amri. Yule mwenzake akimwambia, kijana anakwenda. Na nafuu si ya upande mmoja. Mtu aliyekuwa akihesabiwa kuwa mzigo, siku aonapo kwamba yupo mwingine anayemngoja, anajifunga mkanda na kunyoa ndevu.

Siku hizi kazi hiyo inafundishwa na kupimwa. Mwaka 2018 ulianzishwa utafiti mkubwa juu ya msaada huo wa wenzi waliopona, nao ulifanyika katika miji sita: miwili ya Ujerumani, mmoja wa Uhindi, mmoja wa Israeli, na miwili ya kwetu Afrika ya Mashariki, yaani Kampala na Dar es Salaam. Kampala ulikuwa kwenye hospitali ya Butabika, ambayo tangu zamani ndiyo kubwa ya magonjwa ya akili katika Uganda. Watu waliokwisha kuugua na kusimama walifundishwa, wakapangiwa wenzao wa kukutana nao, wakasimamiwa na wauguzi. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya yasiyowezekana kwetu.

Lakini tutaambiwa: kipofu amwongoze kipofu, si wote wawili wataanguka shimoni? Ni swali la haki. Tunajibu kwamba aliyekwisha kuvuka mto si kipofu wa mto. Hata hivyo yapo masharti, wala hatutaki parokia ikimbilie jambo hili kama inavyokimbilia harambee. Asilazimishwe mtu. Aliyepona ana haki ya kunyamaza habari zake mpaka kaburini, na paroko asimsimamishe mbele ya madhabahu kutoa ushuhuda kama mtu anayeonyeshwa katika maonyesho. Anayekubali afundishwe kwanza, na awe na muuguzi au daktari wa kumkimbilia, maana yapo mambo yatakayomzidi: mgonjwa anayesema atajiua apelekwe hospitali saa ile ile, wala asifichiwe siri. Atunze siri nyingine zote. Asiamriwe kuacha kazi yake kwa ajili ya wengine hata akaugua tena kwa uchovu. Na ikiwa hospitali au kituo kinamtumia kila siku, alipwe kama mfanyakazi mwingine. Tunaona ni aibu kumwita mtu mtume na kumnyima nauli.

Wala msaada huo hauondoi dawa. Aliyevunjika mguu anahitaji daktari wa kuufunga na rafiki wa kumshika bega, naye asingekubali kuambiwa achague mmoja.

Sasa tuseme juu ya nyumba zetu. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zinajua kila mlango wa mtaa; zinajua nyumba ipi ina chumba cha uani kisichofunguliwa wageni wakifika. Tunaomba viongozi wa jumuiya waende kwanza bila shauri lolote, wapeleke yale machungwa, waseme pole. Akina mama wa WAWATA, ambao huandaa zamu za kukesha msibani bila kuambiwa na mtu, wanaweza kuandaa zamu ya kukesha na mama mwenye mgonjwa, usiku mmoja kwa juma, ili alale. Vijana wa kwaya wamrudishie mwenzao kiti chake cha besi; akikosa mazoezi mara mbili aulizwe hali kama anavyoulizwa mwingine yeyote, bila kutazamana. Wazazi wenye shamba wasimgawie mdogo wake sehemu ya aliye hospitali. Wamwekee, hata kama itaota majani msimu mmoja. Waajiri Wakatoliki, na tunao wengi, wamshike kazi mtu anayeomba ruhusa ya siku moja kila mwezi kwenda kliniki, kama wanavyomruhusu mwenye kisukari. Kwa mapadre tunasema kwa heshima kwamba hatujui sheria yoyote inayomzuia mtu aliyepona asiwe msimamizi wa ubatizo kwa sababu tu aliwahi kulazwa.

Magazeti nayo yasijitoe. Neno kichaa limekuwa likitumika katika vichwa vya habari kuuza nakala, na mwenye kuugua husoma pia. Mwaka 1996, akisema na madaktari na wataalamu waliokusanyika Roma kwa ajili ya magonjwa haya, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba mgonjwa wa akili daima anachukua ndani yake sura na mfano wa Mungu, kama kila mtu. Na Siku ya Wagonjwa Duniani ya mwaka 2006, chini ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, iliwekwa kwa ajili yao. Katika kurasa hizi, mtu atatajwa kwa jina lake na kazi yake kwanza, na ugonjwa wake utatajwa pale tu ambapo habari haieleweki bila huo.

Siku ya Wagonjwa inarudi kila tarehe 11 Februari, na sikukuu ya Mtakatifu Yohane wa Mungu tarehe 8 Machi. Kati ya tarehe hizo mbili yapo majuma matatu na siku chache. Paroko anaweza, katika muda huo, kumwomba muuguzi wa magonjwa ya akili wa wilaya aje mara moja baada ya Misa ya pili aeleze ni kliniki ipi iliyo karibu, siku zipi inafunguliwa, na dawa zipi zinapatikana hapo. Habari hizo zibandikwe mlangoni mwa kanisa pamoja na matangazo ya ndoa, ambapo kila mtu husoma. Na kama katika parokia wapo wawili au watatu waliopona, wanaotaka kuketi pamoja alasiri moja kwa mwezi, wapewe chumba chenye mlango unaofungwa na chai. Wasiwekewe mwenyekiti kutoka nje.

Wale watakaoanza tunawaomba watuandikie wametendaje, yaliyofaulu na yaliyoshindikana pia. Barua za waliougua wenyewe, na za mama zao, zitatangulia kuchapwa, nayo majina tutayaficha.